"Sikujua Kuwa Ndani Mna Risasi": Maelezo Juu ya Dhima ya Mwenye Silaha

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeifanya damu ya mwanadamu kuwa na hishima, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

MASALA YENYEWE

Ni desturi ya vitabu vya ilimu kuzipanga masala kwa majina ya Zaidi na Amri, ili hukumu ijulikane pasi na kumfedhehesha mtu. Basi na iwekwe masala hii. Zaidi alikwenda kumzuru ami yake, akaiona bunduki imetundikwa ukutani. Akaitungua, akaipima uzito kwa mikono yake, akaidhani kuwa ni tupu, kwa kuwa alisikia haijapigwa tangu mwaka juzi. Akamwelekezea Amri, mtoto wa ami yake, kwa mzaha, na wote wawili wanacheka. Amri akamwambia, "Iweke chini, ndugu yangu." Zaidi akajibu, "Usiogope, komeo lake la salama limefungwa." Kisha akavuta. Ukatoka mshindo, na kabla ya adhana ya magharibi Amri alikuwa amekwisha kukata roho. Watu walipokusanyika walimkuta Zaidi amekaa chini, hana neno la kusema illa moja: "Sikujua. Wallahi sikujua kuwa ndani mna risasi."

Watu wa mtaa wakawa mafungu mawili. Fungu moja likasema: Hii ni kudura ya Mungu, siku ya Amri ilikuwa imefika, na Zaidi hana lawama yo yote. Fungu la pili likasema: Huyu ni muuaji, na damu ya mtu haifutwi kwa machozi.

Swali la kuulizwa ni hili. Je, neno "sikujua" ni udhuru wa kumwondolea mtu dhima yote, hali kujua kulikuwa karibu naye kama kiganja cha mkono wake? Maana kuifungua bunduki na kutazama ndani ni kazi isiyotimiza hata dakika moja. Masala hii si ya Zaidi peke yake. Yamhusu kila mwenye bunduki nyumbani, na kila askari wa lindo, na kila mwindaji mwenye gobori, na kila baba ambaye watoto wake hupita chini ya silaha iliyotundikwa.

HUKUMU YA KUUA KWA KUKOSEA

Katika madhehebu ya Imam Shafii, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra, kuua ni namna tatu. Ya kwanza ni kuua kwa makusudi, nako ni mtu kumkusudia mtu kwa kitu ambacho aghalabu huua. Ya pili ni kuua kunakoshabihi makusudi, nako ni kumkusudia mtu kwa jambo ambalo aghalabu haliui, kisha akafa kwalo. Ya tatu ni kuua kwa kukosea, nako ni mtu kutokikusudia kitendo chenyewe, kama aliyeteleza akamwangukia mwenziwe. Au kutomkusudia yule aliyepatikana, kama aliyemlenga mnyama, risasi ikampata mtu.

Zaidi yu wapi katika hayo? Alimwelekezea Amri kwa kutaka, na akavuta kwa kutaka. Lakini hakutaka kuua, na kile alichokishika alikidhani kuwa ni mti na chuma tu. Kwamba hilo litahesabiwa kuwa ni kukosea kutupu, au litahesabiwa kuwa linashabihi makusudi, ni jambo la kuchunguzwa na kadhi kwa hali zake na ushahidi wake. Katika yote mawili hapana kisasi. Na katika yote mawili iko dia ya ngamia 100, nayo huchukuliwa na akila, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba, isipokuwa wazazi wake na watoto wake, wailipe kwa miaka 3. Tofauti ni katika sifa za ngamia. Dia ya kukosea hugawanywa mafungu matano, kila fungu ngamia 20; na dia ya kushabihi makusudi ni mafungu matatu, 30 na 30 na 40, na hao 40 ni majike wenye mimba.

Na juu ya dia iko kafara. Nayo ni kuacha huru mtumwa Muislamu, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Akila siku moja katikati pasi na udhuru wa kisharia, huanza tena tangu mwanzo. Na kwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu haya, kulisha maskini hakusimami mahali pa saumu hiyo kama kunavyosimama katika kafara nyingine.

Ni kweli kwamba katika nchi za Afrika Mashariki mambo ya kuua huhukumiwa leo na mahakama za serikali kwa kanuni zake. Hata katika Kenya, ambako mahakama za kadhi zimetajwa katika Katiba ya mwaka 2010, kazi yake ni hali ya mtu, na ndoa, na talaka, na mirathi. Walakini kafara haingoji hakimu. Ni deni baina ya mja na Mola wake, na mtu aliyeachiliwa na mahakama alasiri aweza kuwa bado ana miezi miwili ya kufunga kuanzia alfajiri.

Hapa ndipo pana fundo la masala. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba umati huu umesamehewa lile lililofanywa kwa kukosea, na kwa kusahau, na kwa kulazimishwa. Ikiwa kosa limesamehewa, kafara ni ya nini? Mtu hulipaje kwa jambo ambalo hana dhambi kwalo?

Imam Qurtubi, aliyefariki mwaka 671 wa Hijra, ameyataja katika tafsiri yake maneno mawili ya wanazuoni. Wengine wamesema kwamba kafara ni badali ya haki ya Mwenyezi Mungu katika ile nafsi iliyopotea, kwa kuwa yule aliyekufa alikuwa ni mja mwenye kumwabudu, na sasa ibada yake imekatika. Na wengine wamesema kwamba ni kumtakasa aliyeua, kwa sababu aliacha kujihadhari na kujichunga hata mtu mwenye hishima ya damu akaangamia mikononi mwake. Neno hili la pili lataka kufikiriwa sana, maana latenga vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kifo hakikukusudiwa, lakini kuacha hadhari ni tendo la mtu mwenyewe, nalo lilikuwako kabla ya kifo.

BUNDUKI NA KOMEO LAKE

Mtu hawezi kuijua hadhari asipokijua kile ajihadhariacho nacho. Yafaa basi kutazama namna bunduki inavyolipuka, na namna mafundi walivyojaribu kuizuia isilipuke pasipotakiwa.

Katika bunduki ya gumegume, nyundo hushika jiwe katika taya zake. Mtu akivuta kifyatulio, nyundo hushuka, jiwe hupiga chuma, cheche huangukia baruti kidogo iliyowekwa katika kisahani, na moto hupita katika kitundu mpaka kwenye baruti iliyoshindiliwa ndani ya mtutu. Mafundi wa zamani waliichonga nyundo pengo la katikati. Nyundo ikipandishwa nusu, jino la ndani huingia katika pengo hilo kwa kina, na kifyatulio kikivutwa hakiwezi kulitoa. Hilo ni katika makomeo ya salama ya kale. Lakini jino hulika, na pengo hulika, na bunduki iliyoaminiwa kwa miaka huweza siku moja kuanguka kutoka nusu ya mtambo na kulipuka. Kadhalika gobori lililoshindiliwa halionyeshi kwa nje kuwa limeshindiliwa, na baruti iliyokaa kavu ndani yake yaweza kuungoja moto kwa miaka.

Kisha zikaja bunduki za risasi zenye fataki nyuma yake. Bunduki ya Lee-Enfield, ambayo askari wengi wa Afrika Mashariki waliichukua katika vita viwili vikuu, ina kijiti kidogo upande wa kushoto, nyuma ya mtambo. Kikigeuzwa nyuma hushika kile chuma kipigacho na kufunga mtambo usifunguke. Kikisukumwa mbele, bunduki i tayari. Bastola ya Colt ya mwaka 1873 ina vyumba 6 vya risasi, lakini watu wenye busara walitia risasi 5 tu, wakaiweka nyundo juu ya chumba kitupu. Maana ncha ya nyundo ilikuwa ikikaa juu ya fataki, na bastola ikianguka kwa nyundo yake hulipuka. Ilipofika mwaka 1973 kiwanda cha Ruger cha Marekani kilitia katika bastola zake za namna hiyo kipande cha chuma kinachopanda baina ya nyundo na sindano pale kifyatulio kinapovutwa tu. Kisipovutwa, pigo la nyundo haliifikii sindano.

Katika bastola ya jeshi la Marekani ya mwaka 1911, fundi Browning alitia komeo la kidole gumba, na komeo la pili katika mpini, lisilofunguka ila mpini ukikamatwa barabara. Na bastola ya Glock, iliyochukuliwa na jeshi la Austria katika mwaka 1982, haina komeo la nje la kugeuzwa kwa kidole gumba. Ina kiulimi kidogo katika kifyatulio, na vizuizi vingine ndani, vyote vikifunguka kifyatulio kinapovutwa. Kinyume cha hizo ni bunduki ya Sten, iliyotengenezwa Uingereza kwa haraka ya vita tangu mwaka 1941, ambayo ilijulikana kwa aibu yake ya kulipuka ikianguka, kwa kuwa mtambo wake mzito uliweza kurudi nyuma kwa kishindo cha kuanguka na kuichukua risasi.

Msomaji akiyapima haya yote ataona jambo moja. Kila komeo lazuia kitu fulani. Moja lazuia nyundo, moja lazuia kifyatulio, moja lazuia sindano. Hakuna hata moja limjualo aliye mbele ya mtutu. Komeo halitofautishi mwizi na mtoto wa ami. Zaidi ya hayo, katika bunduki yenye kifyatulio chenye komeo ndani yake, kidole kile kile cha kuvuta ndicho kifunguacho. Hapo salama yote imerudishwa katika akili ya mwenye kidole. Na katika bunduki yenye kijiti, kijiti ni chuma, na chuma hulika, hupata kutu, huingia mchanga, na wakati mwingine husukumwa na nguo pasi na mtu kuhisi. Ndiyo maana Zaidi aliposema kwamba komeo limefungwa, aliapa kwa kitu ambacho hakukitazama. Lau alikitazama pia, hakuwa na ruhusa ya kumwelekezea Amri.

ADABU YA SILAHA

Mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, katika jambo hili yalitangulia bunduki kwa karne nyingi. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, na akaeleza sababu: mtu hajui, huenda Shetani akauvuta mkono wake, akaanguka katika shimo la moto. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba malaika humlaani mwenye kumwashiria ndugu yake kwa chuma, hata akiwa ni ndugu yake wa baba na mama. Na aliamrisha kwamba mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike vichwa vyake, asije akamjeruhi Muislamu. Na akakataza watu kupeana upanga ulio nje ya ala. Na akasema kwamba si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu.

Katika karne iliyopita Mmarekani mmoja, Jeff Cooper, aliyefariki mwaka 2006, alifundisha watu wa silaha kanuni nne, nazo zimeenea duniani. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho mtu hayuko tayari kukiangamiza. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka shabaha iwe imelengwa. Na mwenye kupiga aijue shabaha yake, na kilicho nyuma yake. Mwenye kuzilinganisha na hadithi hizo ataona kwamba adabu ni moja. Mishale ishikwayo vichwa sokoni ni mtutu usioelekezwa kwa watu. Upanga utolewao ukiwa ndani ya ala ni bunduki inayotolewa ikiwa imefunguliwa na ndani imeonekana tupu. Na kauli kwamba mtu hajui, huenda mkono wake ukavutwa, ndiyo asili ya kanuni ya kwanza: kutojua ni hali ya mtu siku zote, basi asijenge mzaha juu ya kujua kwake.

Na hapa lile fundo hufunguka. Makatazo hayo hayakungoja damu. Laana ya malaika iko juu ya kuashiria, si juu ya kuua. Zaidi hakutenda dhambi ya kuua kwa makusudi. Lakini alipoinua mtutu na kumwelekezea Amri alikuwa amekwisha kuvuka mpaka, kabla ya kidole chake kugusa kifyatulio. Lau ile bunduki ilikuwa tupu kweli, angalivuka mpaka vile vile.

Na aongezwe katika masala mtu wa tatu, jina lake Bakari. Bakari naye, siku ile ile, katika nyumba nyingine, alimwelekezea Khalidi bunduki kwa mzaha, akavuta. Yake ilikuwa tupu. Wakacheka, wakanywa kahawa, na usiku Bakari akalala. Zaidi hakulala. Je, Bakari ni mtu mwema kuliko Zaidi? Hakutazama, kama Zaidi asivyotazama. Alimtisha ndugu yake, kama Zaidi alivyomtisha. Tofauti yao ni risasi moja ambayo hakuna katika wao aliyejua habari zake. Zaidi ana kafara na akila yake ina dia, kwa sababu haki ya maiti na haki ya jamaa zake haziwezi kupotea. Na Bakari hana hayo. Lakini katika dhambi ya kuashiria na kuacha hadhari wao ni sawa, na Bakari yampasa toba kama inavyompasa Zaidi. Khatari yake ni kubwa kwa upande mmoja: Zaidi hatasahau maisha yake, na Bakari hatakumbuka. Kila mwenye kumlaumu Zaidi na ajiulize kwanza kama yeye si Bakari.

MIKONO MINGI

Wengine husema: Zaidi aliambiwa kuwa ni tupu, basi dhima ni ya aliyemwambia. Jambo hili lilionekana wazi huko Marekani, katika jimbo la New Mexico, tarehe 21 Oktoba 2021, pale walipokuwa wakitengeneza filamu iitwayo Rust. Katika mazoezi, mcheza filamu mmoja mashuhuri alikuwa ameshika bastola ya mtindo wa zamani wa Colt. Kulikuwa kumetangazwa kwamba bastola hiyo ni baridi, yaani haina risasi ya kweli. Ikalipuka, ikamwua mpiga picha Halyna Hutchins, na kumjeruhi mwongozaji wa filamu. Mcheza filamu alisema hakuvuta kifyatulio. Aliyekuwa mwangalizi wa silaha alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miezi 18. Msaidizi wa mwongozaji, katika mwaka 2023, alikubali hukumu ya kutumia silaha kwa uzembe pasi na kulipinga shtaka. Na kesi ya mcheza filamu ilifutwa Julai 2024, kwa sababu ushahidi fulani haukuonyeshwa kwa upande wake kama ilivyopasa.

Wanazuoni wa fikihi hutofautisha mtendaji mwenyewe na aliyesababisha, na wakikutana wawili hao asili ni kwamba hukumu humwangukia mtendaji. Lakini si kwa ajili ya kuwahukumu watu wale mfano huu umetajwa. Wao wamekwisha kuhukumiwa au kuachiliwa na mahakama ya nchi yao. Umetajwa kwa ajili ya namna ile risasi ilivyopita. Ilipita katika mikono ya watu kadha wa kadha, na kila mmoja alitosheka na neno la aliyemtangulia. Neno la mtu mwaminifu linapokewa katika mengi, ila bunduki haifungwi kwa neno. Mwenye kupewa silaha aifungue yeye mwenyewe, atazame chumba cha risasi kwa macho na akipapase kwa kidole, hata kama aliyempa ni baba yake aliyeifungua mbele yake sasa hivi. Wala asichukizwe mwenye kutoa, kwa kudhani kwamba ametiliwa shaka. Upanga ulipokatazwa kutolewa uchi, sahaba hawakuona kwamba wamefanywa wabaya.

KUDURA NA KAMBA YA NGAMIA

Likabakia neno la fungu la kwanza, waliosema kwamba ni kudura. Hilo ni kweli, wala Muislamu halikanushi. Lakini mwenye kuifanya kudura kuwa udhuru ameitia mahali si pake. Yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, Mtume alimwamrisha amfunge kwanza kisha atawakali. Na katika mwaka 18 wa Hijra, Sayyidna Umar alipopata habari za tauni ya Sham akarudi na watu, Abu Ubaida alimwuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Naye akajibu kwamba anaikimbia kudura ya Mungu kwa kuiendea kudura ya Mungu. Yaliyoandikwa mtu hayaoni, na aliyoamrishwa ayaona. Ataulizwa kwa yale ayaonayo.

Na kwa upande wa pili wako watu ambao hawaitegemei kudura, bali hulitegemea komeo. Hao wamefunga ngamia kwa kamba bovu na kulala usingizi. Kulifunga komeo ni wajibu, kama kumfunga ngamia. Lakini komeo ni msaada wa adabu, si badali yake. Mtu akiwa na adabu, siku komeo litakapovunjika risasi itaingia mchangani. Na mtu asiye na adabu, komeo lake likiwa zima miaka 20, ni siku moja tu imtoshayo.

YALIYO JUU YA MWENYE BUNDUKI

Mambo ya kufanya si mengi, wala si mazito. Bunduki isiwekwe na risasi ndani yake nyumbani. Ifungiwe mahali penye kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine, na funguo zisiwe mahali watoto wanapopajua. Na watoto hupajua mahali pengi kuliko wazazi wao wanavyodhani. Katika madhehebu ya Shafii kafara hulazimu hata mtoto akiua, kutoka katika mali yake. Basi na afikiri baba, mchunga atakayeulizwa juu ya wachungwa wake, kwamba uzembe wake wa usiku mmoja waweza kumwandikia mtoto wa miaka 7 deni la damu.

Mwindaji asipige kinachotikisika kichakani mpaka amekiona ni nini. Na ajue kuwa risasi ya bunduki kubwa ikimkosa mnyama huweza kwenda zaidi ya maili moja, na kule mbele huenda kuna mtu analima. Na wapigao bunduki juu kwa furaha ya arusi wajue kwamba risasi haipotei mbinguni. Ofisa wa jeshi la Marekani, Julian Hatcher, alieleza majaribio ya kupiga juu wima, na risasi zikarudi kwa mwendo wa futi 300 hivi kwa kila sekunde. Na ikipigwa kwa kuinama hurudi kwa mwendo mkali zaidi. Furaha ya watu wa mtaa mmoja isiwe tanga la mtaa wa pili. Na sheria za Kenya na za Tanzania zamtaka mwenye silaha awe na leseni. Kuzitii katika hili ni kusaidiana kulinda nafsi, na kulinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia.

Ama Zaidi, yampasa jamaa zake wasimwambie kwamba hana neno, maana ajua moyoni mwake kuwa si kweli, na faraja ya uwongo haikai. Wala wasimwite muuaji, maana Mwenyezi Mungu hakumwita hivyo. Wamwambie kwamba aliacha hadhari, na kwamba Mola wake amemwekea njia: atubie kwa kuinua kwake mtutu, na afunge miezi yake miwili, siku baada ya siku. Wamsaidie kwa dia kama sharia ilivyowataka, ili mzigo usimwangukie mmoja, wala haki ya mayatima wa Amri isipotee. Na warithi wa Amri wana haki yao yote. Lakini Qurani imewafungulia mlango wa kuisamehe dia na kuifanya sadaka, na mwenye kuuingia mlango huo ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu.

Na kila ambaye nyumbani kwake kuna bunduki asingoje kesho. Aielekeze pasipo na mtu, atoe kidole katika kifyatulio, aifungue, atazame ndani, kisha aifungie. Akiikuta tupu na amshukuru Mola wake, na kesho asiseme kuwa ajua, atazame tena.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi mikono yetu na damu za waja wake, awarehemu waliouawa kwa kukosea, na awape subira waliobaki. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.